Mwangwi wa Mzee Senkondo

Nakijwa Mmbaga alikuwa juu ya ngazi, anafunga kanga ya kijani kwenye nguzo ya ofisi, kidani kilipomtetemeka shingoni. Moyo ulimruka kwa furaha. Alijua ni Mzee Senkondo, mjumbe wao aliyekuwa akirudi kutoka bandari ya Tanga, anayepiga, na alijua habari atakayoileta: Moyo wa Mvua umeshuka melini, sasa lipeni.

Kijiji kizima cha Mamba Juu kilikuwa kimeamka na shangwe hiyo. Mwaka wa tatu huu nyavu za mawingu pale kileleni Shengena zilikuwa zikinasa ukungu mwembamba usiojaza hata madumu, na tangawizi ilinyauka mashambani kama vidole vya wagonjwa. Moyo wa Mvua ungeyavuta mawingu ya pwani mpaka juu ya nyavu zile. Wanachama walichanga, wakauza mbuzi, wengine wakauza hata mabati, mpaka hazina ya Chama cha Akiba Shengena ikatosha kununua moyo mmoja. Mmoja tu.

Alishuka ngazi mbio, kanga akaiacha ikining'inia upande mmoja.

"Nakijwa, mwanangu," sauti ilisema. "Uko peke yako?"

Haikuwa sauti ya furaha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala chali, anayeyavuta maneno kama anavuta ndoo kisimani.

"Nipo na Katibu, mzee. Una nini?"

"Winchi ya bandarini imeniangukia. Kifua chote. Niko hospitali hapa Tanga. Wanasema moyo wangu umepasuka, lazima wabandike mwingine." Akakohoa, kikohozi chake kilekile cha ugoro. "Moyo wa kubandika bei yake ni hazina yote, mwanangu. Bima itarudisha. Ila kwanza walipwe, ndipo wanipasue. Tuma kwenye akaunti nitakayokutajia. Na usimwambie mtu. Kijiji kitataharuki bure."

Nakijwa alikitazama kidani. Jicho lake dogo la kioo, ambalo husubiri likiwa jeupe, lilikuwa limegeuka kijani kibichi. Sauti tulivu ya mtandao ikamnong'oneza kama kawaida yake: *Koo limetambuliwa. Senkondo Mgonja. Pumzi ni yake. Mapigo ya moyo ni yake, nayo ni dhaifu.*

Hapo hapakuhitajika swali zaidi. Zama za namba za siri zilikwishapita, zama ambazo wezi walimtumia bibi yake Nakijwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", naye bibi akacheka na kuufuta. Siku hizi fedha zilikaa kwenye koo la mtu. Kidani kilisikia sauti, kikapima pumzi na mapigo ya damu, kikaamua. Watoto wa darasa la kwanza waliiimba Sheria ya Koo kabla hawajajua kuhesabu: koo likisema, mwenyewe kasema. Mtunza hazina aliyekataa amri ya koo lililotambuliwa alifukuzwa kazi na kupelekwa mahakamani, na kama mtu alikufa kwa kukataa huko, alihukumiwa kama muuaji.

Mtunza hazina alikuwa Nakijwa.

"Umesikia?" Elirehema Msuya, katibu wa chama, alikuwa amesimama mlangoni, jasho limemtoka. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kuhurumia, na mwepesi zaidi wa kuogopa. "Jicho ni kijani, dada. Lipa!"

"Si alikuwa apande gari la waya la asubuhi? Alisema atafika hapa kabla jua halijawa kali."

"Sasa mtu kaangukiwa na winchi atapandaje gari la waya?"

Bila kuikata simu ile, Nakijwa alijaribu kumpigia Mzee Senkondo yeye mwenyewe, kutoka upande wake. Hakupatikana. Kama alikuwa garini, basi lilikuwa linaning'inia wayani juu ya Bonde la Minara, mahali ambapo kidani chochote huwa bubu. Kama alikuwa hospitali, huenda kidani kilivunjika naye anatumia cha muuguzi. Akapiga hospitali ya Tanga. Sauti ya mashine ikamwambia yuko kwenye foleni, awe na subira, kisha ikampigia kinanda.

"Subira ya nani?" Elirehema alifoka. "Mtu anakufa!"

Kwenye kidani, Mzee Senkondo alikuwa anagumia.

"Mzee," Nakijwa alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa aibu ya swali lenyewe, "unisamehe. Ng'ombe aliyevuka mpaka wako, ule mwaka wa kesi, alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso," sauti ilijibu bila kusita. "Akakanyaga miche kumi na minne ya kahawa yangu, chini ya mkuyu, na Sefue, mwenye ng'ombe, akaapa mahakamani kwamba ni nguruwe pori. Mwanangu, mbona unanitesa?"

Elirehema alishika kichwa. "Nani mwingine anajua hiyo miche? Lipa, kwa jina la Mungu!"

Nakijwa alinyanyua kidole kuelekea kidani. Ili fedha zitoke alipaswa kukigusa na kusema neno moja tu, "naam". Mvua ingengoja. Mtu hangoji. Kama ni yeye kweli, hakukuwa na la kufikiri, na mwanachama yeyote wa Mamba Juu angesema hivyohivyo hata kama angekufa njaa baadaye.

Kama ni yeye kweli.

"Niitie Mama Ndeanasia," alisema.

"Amesema usimwambie mtu!"

"Ndiyo maana namwita."

*

Ndeanasia Tarimo alikuja na koleo mkononi, ovaroli imejaa grisi ya nyavu. Alikuwa mhandisi mkuu wa nyavu za mawingu, Mchaga wa Marangu aliyeolewa Upareni na kufiwa na mume hukohuko, na kwa miaka yote hiyo yeye na Mzee Senkondo walikuwa watani wasiopumzika. Siku ya mazishi ya mumewe, Senkondo alijilaza ndani ya kaburi lililochimbwa, akakataa kutoka mpaka Wachaga wamletee dume la mbuzi. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka, na Ndeanasia mwenyewe alisema baadaye kwamba kicheko kile ndicho kilichomrudisha duniani.

Nakijwa alimweleza kwa maneno machache. Uso wa mama yule ulipauka. Kisha akavuta pumzi, akakiinamia kidani kilichokuwa shingoni mwa Nakijwa, akaangua kilio cha msibani kilichotikisa madirisha.

"Uwiii! Mpare anakufa! Mawakili wa Same watakula nini sasa? Mahakama itafungwa, mahakimu watarudi kulima! Senkondo, uliuza ng'ombe mzima kushtakia kuku, leo umekosa hata kuku wa kulipia moyo?"

Elirehema aliziba masikio.

Kisha sauti ikasema, taratibu na kwa heshima kubwa, "Dada Ndeanasia. Nakuomba. Huu si wakati wa mzaha."

"Umeona?" Elirehema alinong'ona kwa hasira. "Mtu ana maumivu, wewe unamtania!"

Ndeanasia alikuwa ameinamisha kichwa kama fundi anayesikiliza mota. Inawezekana, Nakijwa aliwaza. Kifua kimepondeka, mtu hana pumzi ya utani. Hata Senkondo mwenyewe angeacha utani. Hilo halithibitishi kitu.

"Haya, mtani, nimekuelewa," Ndeanasia alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Basi nakuja. Nateremka Tanga sasa hivi nikae mlangoni kwako. Ukifa, nalala kaburini mwako mpaka ukoo wa Mgonja unipe dume la mbuzi. Nitajie wodi."

"Usije."

"Nitajie wodi tu, Senkondo."

"Nimesema usije, dada. Wala usimwambie mtu. Mlipe kwanza. Nakijwa, akaunti ni hii..."

Ndeanasia alinyanyuka. Aliliweka koleo mezani polepole.

"Mtani hakatazwi msiba," alisema. "Mpare anaweza kukosa pumzi ya kunijibu. Anaweza kunifukuza mezani kwake, anaweza kunishtaki. Lakini kunikataza kaburi lake? Hata akiwa maiti hawezi. Huyo si yeye."

"Wewe si mashine!" Elirehema alipiga kelele. "Mashine imepima damu yake!"

"Ndiyo, imepima. Na nani aliirekodi hiyo damu?"

Nakijwa aliyapitia upya maneno ya kidani. Miche kumi na minne. Mkuyu. Sefue na nguruwe pori. Hayo hayakuwa maongezi ya nyumbani, bali yalipangwa kama mtu anapoeleza kesi.

"Katibu," aliuliza, "mara ya mwisho Mzee aliieleza wapi kesi ile, yote, tangu mwanzo?"

"Gulioni," Elirehema alisema. "Kile kibanda cha Wakili wa Bure. Unashika mpini wa chuma, unaieleza mashine shauri lako, inakupa ushauri. Aliongea mpaka gulio likaisha. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, najua."

"Na wewe ulieleza nini?"

"Ile kesi ya urithi wa shangazi." Sauti yake ilikuwa inafifia. "Na mama yangu alieleza ya kisima. Na... kijiji kizima tulipanga foleni, dada. Ilikuwa bure!"

Koo, pumzi, na mapigo ya damu kupitia kwenye mpini. Hila hiyo iliitwa mwangwi, sauti ya mtu iliyoibwa ikafundishwa kusema maneno ambayo hakuyasema. Nakijwa alikuwa amesikia miangwi ipo mijini. Hakuna aliyewahi kusikia mwangwi wenye damu. Na hakuna mwizi duniani aliyejua chambo cha kuwavulia Wapare kuliko huyu, wakili asiyedai malipo! Lakini mashine ile haikuwahi kuufikia msiba, maana desturi ya Mamba Juu ilikataza kidani kuvaliwa makaburini. Utani haukuwamo ndani ya mwangwi.

*

"Dakika zake zinakwisha," sauti ya kike ilisema sasa kwenye kidani, kavu, ya kidaktari. "Mnalipa au tuwaite jamaa waje kuchukua mwili?"

Nyuma yake, Mzee Senkondo alilia. Hakupiga kelele. Alilia kama mzee anayeona haya kulia.

Nakijwa alikuwa na hakika ya tisa katika kumi. Ile moja iliyobaki ilikuwa na uso wa Mzee Senkondo, na meno ya mbele yaliyopungua, na mikono iliyombeba mgongoni mwaka aliovunjika mguu, akampeleka zahanati huku akimsimulia kesi ya ng'ombe ili asilie. Kama alikuwa anakosea, mtu huyo angekufa akisikia mwanawe amemkatia simu. Gari la waya lingefika na kutoa jibu, lakini yule mgonjwa, kama yupo, hakuwa na muda wa kulisubiri gari.

Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kidani.

"Mzee," alisema, "kama ni wewe, Mungu akushike mkono. Mimi sitalisema lile neno mpaka nikuone."

Akabana jicho la kidani kwa vidole viwili. Kijani kikazimika. Kisha akaitamka amri ambayo hakuwahi kuitamka tangu aajiriwe, ya kuifunga hazina yote kwa koo lake mwenyewe. Mtandao ukamwonya kwa upole kwamba amevunja sheria na jina lake limeandikwa.

Hawakupata hata nafasi ya kukaa chini. Kidani cha Elirehema kilitetemeka.

"Mwanangu Eli," sauti ya kikongwe ilisema, "nimeanguka kisimani, mwanangu, maji yananifika kifuani. Yupo mtu wa kuniokoa ila anataka alipwe kwanza..."

"Mama!" Elirehema aliruka kuelekea mlangoni, kisha akasimama, akageuka, macho yamemtoka pima. Nje, kutoka nyumba ya jirani, walisikia mwanamke anaita jina la mumewe kwa hofu. Kutoka nyumba ya pili, mwanamume anapiga kelele, "Usife, natuma, natuma sasa hivi!" Wezi walikuwa wamekosa pipa, sasa walikuwa wanakwangua kila chungu. Waliiachia miangwi yote kwa mpigo mmoja.

"Tutawaambiaje watu wote hawa?" Nakijwa alisema. "Tukipiga vidani, watadhani na sisi ni mwangwi!"

Ndeanasia alikuwa ameshafika ukutani. Aliliteremsha pembe la nyati, mbiu ya kijiji, ambayo hulia kwa jambo moja tu.

"Mama, hiyo ni ya msiba," Elirehema alisema. "Hakuna aliyekufa. Tutalaaniwa!"

"Mbiu ya msiba ikilia, Mpare anafanya nini?"

"Anaacha kila kitu, anakuja uwanjani."

"Akiwa na kidani?"

Elirehema alielewa. Uso wake ulibadilika kama taa iliyowashwa. "Anakivua," alisema. "Anakiacha nyumbani."

"Nakijwa, wewe ndiye ofisi," Ndeanasia alisema, pembe likiwa mdomoni tayari. "Nimtangaze nani?"

Kumtangazia mtu hai msiba ni jambo ambalo ndugu hawezi kulifanya. Mtani anaweza, lakini lazima atumwe na mtu mwenye cheo, na dhambi hubaki kwa aliyetuma. Nakijwa alijifuta machozi.

"Mtangaze Mzee Senkondo."

Mbiu ililia. Ililia juu ya mabati na migomba, ikagonga mwamba wa Shengena na kurudi, na kabla haijanyamaza mara ya kwanza milango ilianza kufunguka. Walikuja wakikimbia, wanawake wanafunga vitambaa vichwani, wanaume wana matope ya shamba miguuni, na shingo zote ziko tupu. Mke aliyekuwa anamlilia mumewe alimkuta uwanjani, mzima, ana jembe begani, akampiga kofi kwanza ndipo akamkumbatia. Baba aliyekuwa tayari kutuma alimwona binti yake anakuja kutoka shuleni na wenzake, akaketi chini kama gunia. Na mama yake Elirehema aliingia mwisho, mkavu kabisa, anachechemea na fimbo, anauliza nani kafa na chai iko wapi. Elirehema alimbeba juu kama mtoto.

"Nishushe, mpumbavu wewe! Una nini?"

"Hujaanguka kisimani, mama!"

"Nianguke kisimani wakati nina kesi nacho?"

Kicheko kilipasuka uwanja mzima. Nakijwa alipanda juu ya jiwe la mikutano, akawaeleza yote, kibanda, mpini, miangwi. Wengine walilaani, wengine walishika makoo yao kama watu waliogundua wameibiwa nguo wakiwa wamezivaa. Yeye mwenyewe alikuwa anaongea huku macho yakiwa kwenye waya mrefu uliotoka bondeni. Waya ulikuwa umetulia. Hakuna gari.

Kisha ukaanza kutikisika.

*

Gari la waya lilichomoza kwenye ukungu, jekundu, linayumba. Mlango ulifunguka, akatoka mama mwenye kuku, akatoka mwalimu wa Gonja, halafu pakawa na pengo ambalo Nakijwa hakulisahau maisha yake yote.

Halafu ikatoka bakora, na nyuma ya bakora akatoka Mzee Senkondo Mgonja, koti la safari mkononi, akasimama kuutazama uwanja uliojaa watu wenye vitambaa vya msiba.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Ndeanasia alijitupa chini mbele yake, akagaragara vumbini.

"Uwiii! Maiti imekuja yenyewe kwa miguu! Mpare bahili, amekataa hata gharama za jeneza!"

Mzee alimtazama, akautazama umati, akaelewa kwa kadiri yake. Kidevu kikainuka.

"We Mchaga," alisema, "ondoka njiani mwangu kabla sijadondosha sarafu. Najua ukisikia mlio utafufuka wewe badala yangu. Na kama ni mazishi yangu haya, mbuzi wangu yuko wapi?"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, watu wanarukaruka. Kilemba cha mtu kilirushwa juu kikanasa kwenye waya. Katikati ya kelele zile kidani pekee ambacho hakikuvuliwa kwa mbiu, cha Nakijwa, kilitetemeka. Jicho likawa kijani. *Koo limetambuliwa. Senkondo Mgonja.*

"Nakijwa, mwanangu," kiliugua. "Bado unaweza kuniokoa..."

Mzee Senkondo alisikia. Aliinama mpaka masharubu yake yakagusa kidani, akaisikiliza sauti yake mwenyewe inalia. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Ndivyo ninavyolia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Wewe!" alinguruma. "Taja jina lako na la baba yako! Nitakushtaki Same, nitakushtaki Dodoma, nitakukatia rufaa hata ukishindwa!"

Kidani kilizimika ghafla.

"Jamani," Ndeanasia alisema kutoka vumbini, "Mpare amepata kesi na koo lake. Huyu hafi tena."

Watu walipoanza kutawanyika, wengine wakielekea gulioni na mashoka kukitafuta kile kibanda, Nakijwa alimfuata Mzee mpaka kwenye ngazi za ofisi.

"Mzee, kuna jambo sijalisema pale. Sikuwa na hakika. Nilipokata, sikuwa na hakika. Kama ungekuwa wewe kweli, ningekuwa nimekuacha ufe."

Mzee Senkondo aliketi kwenye ngazi. Alitoa kopo la ugoro, akaligonga, hakulifungua.

"Ulilia?"

"Nililia."

"Kabla ya kukata, au baada?"

"Kabla. Na baada."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama hakimu aliyeridhika na shahidi.

"Basi sikiliza, mwanangu. Siku nikifa kweli, fanya hivyohivyo. Nikikupigia kwa haraka, nikakukataza kumwambia mtu, kata. Kisha piga mbiu, uje na watu mnitafute kwa miguu. Mkinikuta nimeshakufa, nitakuwa nimekufa natafutwa, na hicho kinanitosha." Akafungua kopo. "Na huyo Mchaga msimpe mbuzi."

"Nimesikia!" Ndeanasia aliita kutoka ng'ambo ya uwanja.

Nakijwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alivua kidani, akakitia kwenye mfuko wa koti la Mzee, akapanda ngazi kumalizia kuifunga kanga. Kwa maelezo ya Mzee, Moyo wa Mvua ulikuwa unakuja na muuzaji wake kwa gari la mchana, na safari hii fedha zingelipwa mkono kwa mkono, macho kwa macho, mbele ya kijiji kizima.